Tunahitaji daktari wa majani, lakini awe wa majani ya kwetu

Wiki mbili zilizopita nilisoma tangazo fupi hewani, kabla ya habari za jioni. Lilisema kwamba kuna vyuo vikuu vya nje vinavyotafuta vijana wa kufanya doktora juu ya majani yasiyokufa hata yakipuliziwa dawa, na kwamba masomo hayo yanalipiwa: ada ya chuo, pesa ya kuishi na gharama za utafiti. Burse kamili, kama tunavyosema huku kwetu.

Kabla sijaweka karatasi chini, simu ya studio ikaanza kulia. Papa wa kwanza alicheka mpaka akakohoa. "Bwana mwanahabari, sisi hatuna madaktari wa watu wa kutosha, ninyi munatafuta daktari wa majani?" Wa pili akasema jembe la mama yake lilikuwa daktari tosha, na halikuomba burse.

Simu ya tatu haikuwa ya kicheko. Alikuwa mama mmoja aliyekimbia vita kutoka kusini mwa teritwari ya Lubero. Sasa anaishi kwa familia iliyompokea, kando ya njia ya kwenda Butembo, na amekodi kipande cha shamba kwa msimu mmoja. Alisema hivi: "Mimi hiyo dawa ya majani niliinunua. Nilikopa pesa. Nilipulizia. Majani mengine yakakauka, mengine yakabaki yananiangalia tu. Nilidanganywa na muuzaji, ao majani ya siku hizi yamekuwa na kichwa kigumu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitauliza. Nimeuliza wataalamu wa kilimo, nimesoma nilichoweza kusoma, na nimeona kwamba yule mama na lile tangazo walikuwa wakizungumza jambo moja. Haya ndiyo maoni yangu, na wale waliocheka wananisamehe.

Tuanze na kitu ambacho sote tunakijua. Tulipokuwa watoto, malaria ilitibiwa kwa klorokini. Vidonge vichungu, mwili unawasha, lakini keshokutwa mtoto yuko mpirani. Leo ukienda kwenye kituo cha afya na malaria hawakupi tena klorokini. Dawa haikuharibika kiwandani. Vijidudu vya malaria ndivyo vilivyobadilika. Vilivyokuwa dhaifu vilikufa, vichache vilivyoweza kuikwepa dawa vikabaki, vikazaana, na mwishowe vikawa vingi kuliko vile vya zamani. Wataalamu wanaita hali hiyo usugu.

Magugu nayo yanafanya vilevile. Katika shamba lenye maelfu ya mimea ya gugu moja, inaweza kuwepo miwili au mitatu ambayo kwa maumbile yake haiuawi na dawa fulani. Mwaka wa kwanza huwezi kuiona. Unapulizia, yote inakauka, unafurahi. Ile miwili inaangusha mbegu. Mwaka wa pili unarudia dawa ileile, inabaki ishirini. Baada ya miaka kadhaa unapulizia na shamba zima linakuangalia, kama alivyosema mama yetu. Dawa haikuyafundisha majani ubishi. Iliua yale yanayokubali kufa, ikayaachia nafasi yale yanayokataa.

Hii si hadithi ya kutisha watu. Mwaka wa 1968, katika kitalu cha miche kwenye jimbo la Washington, Marekani, gugu moja lilionekana haliuawi tena na dawa ya simazini. Mwaka wa 1974 ikaingia sokoni dawa ya glifosati, ambayo leo inauzwa dunia nzima kwa majina mengi, na watu wengi waliamini kwamba hakuna jani litakaloishinda. Mwaka wa 1996, Australia ilitangaza kwamba nyasi moja inayoitwa raigrasi imeishinda. Wakulima wenyewe ndio walioipanda zamani kulishia kondoo. Leo orodha ya kimataifa inataja zaidi ya aina 260 za magugu yenye usugu wa dawa moja au zaidi, katika nchi zaidi ya 70. Afrika Kusini imo. Kwa hiyo jambo hili limekwisha kuingia katika bara letu.

Lakini habari iliyonigusa zaidi ni ya lengalenga. Ndiyo, lengalenga, mboga yetu. Kule Marekani kuna ndugu yake mmoja mkubwa anayeota kwenye mashamba ya pamba na soya. Mmea mmoja wa kike unaweza kuangusha mbegu laki kadhaa. Mwaka wa 2005, katika jimbo la Georgia, ilithibitishwa kwamba lengalenga hilo limeishinda glifosati. Wakulima wenye matrakta makubwa kuliko nyumba zetu wakalazimika kuajiri watu wa kuling'oa kwa mkono na kwa jembe. Papa aliyesema jembe la mama yake ni daktari tosha hakukosea sana.

Ila nina neno kwake. Jembe hilo linashikwa na nani? Kwenye mashamba yetu, kupalilia ni kazi ya akina mama na watoto. Mtoto anayepalilia mahindi mwezi mzima ni mtoto ambaye mwalimu anaweka alama ya kutokuwepo mbele ya jina lake. Na familia iliyokimbia mara nyingi imepungukiwa na mikono: baba yuko mbali, kaka mkubwa hajulikani alipo, nyanya amechoka. Kijana mmoja mwenye pompi ya mgongoni anamaliza kwa asubuhi moja kazi ya wanawake sita kwa siku kadhaa. Ndiyo maana yule mama alikopa. Hakuwa mvivu, alikuwa amepiga hesabu. Amelipa kodi ya shamba mbele, amenunua mbegu, amenunua dawa. Majani yakishinda, hana msimu wa pili wa kujaribu. Mwenye shamba atampa mwingine, na deni litabaki.

Sasa turudi kwa swali lake: muuzaji ao majani? Hapa ndipo nilipoelewa kazi ya daktari wa majani. Dawa inaweza kushindwa kwa sababu nyingi. Inaweza kuwa imechanganywa na maji dukani. Inaweza kuwa dawa isiyofaa: zipo zinazoua majani mapana tu na kuacha nyasi, na mtu asiyeweza kusoma maandishi ya chupa hawezi kujua. Maji ya kuchanganyia yanaweza kuwa na udongo mwingi, na glifosati inashikwa na udongo ikapoteza nguvu. Mvua inaweza kunyesha saa moja baada ya kupulizia ikaiosha. Mengine huenda hayakuwepo siku ile ya dawa, yaliota baadaye. Na mwisho, inaweza kuwa usugu.

Mtafiti anatenganisha sababu hizo. Kazi yake inaanza na vitu ambavyo hata hapa vinapatikana. Anachukua mbegu za majani yaliyobaki hai, anazipanda kwenye vyungu. Anachukua mbegu za gugu lilelile kutoka shamba ambalo halijawahi kupuliziwa, anazipanda kando. Kisha anapulizia vyote siku moja, kwa vipimo vilivyopimwa sawasawa, kidogo, cha kawaida na kikubwa. Vikifa vyote, tatizo lilikuwa mvua, maji au mkono wa mpuliziaji. Visipokufa vyote, dawa yenyewe ni mbovu au si ya gugu hilo. Vikifa vya shamba safi na kubaki vile vya shamba la mama, basi usugu upo, na kila mwenye chupa hiyo katika eneo hilo anapaswa kuambiwa mapema. Baada ya hapo ndipo inakuja maabara kubwa, kuangalia ndani ya mmea umefanyaje: umebadilisha mahali dawa inaposhika, ama umejifunza kuivunjavunja dawa kabla haijafika. Hiyo ndiyo miaka mitatu au minne ya doktora.

Mimi sina vyungu hivyo. Muuzaji hana. Mama wa watu hana. Kwa hiyo kila mmoja anabaki na dhana yake: mnunuzi anamwita muuzaji mwizi, muuzaji anamwambia mnunuzi aongeze kipimo, na msimu unapita.

Kuna jambo moja nataka viongozi wetu walisikilize vizuri. Nilijiuliza kwa nini burse za namna hii zinatoka sana Australia. Jibu ni kwamba wakulima wao wanazilipia. Kila mkulima wa nafaka akiuza mavuno, karibu asilimia 1 ya thamani inakatwa na kwenda kwenye mfuko wa utafiti wa nafaka, na serikali inaongeza ya kwake. Mfuko huo ndio ulioshika mkono kituo cha utafiti wa usugu wa magugu kilichoanzishwa mwaka wa 1998 katika Chuo Kikuu cha Western Australia, mjini Perth. Vijana wamefanya doktora pale, na maswali wanayojibu ni ya wale wakulima. Na wakulima nao hawakukaa wakisubiri: mmoja wao, Ray Harrington, alibuni mashine inayosaga mbegu za magugu wakati wa kuvuna, ili zisirudi shambani. Hiyo ni dawa isiyo na chupa, na ilitoka kichwani mwa mkulima.

Sasa tuangalie kwetu. Nani atasema mkulima wa Kivu hakatwi pesa? Gunia la mahindi likitoka kijijini kwa chukudu au kwa pikipiki, linalipa kwenye barieri ya kwanza, linalipa kwenye ya pili, linalipa sokoni. Hatuhitaji kufundishwa kulipa. Tofauti ni kwamba kule asilimia 1 inarudi shambani ikiwa na kichwa cha mtafiti, na huku mimi sijaona faranga moja iliyopita barieri ikarudi kwa mkulima ikiwa jibu la swali lake. Siku ambayo sehemu ndogo ya pesa hizo itaandikwa wazi kuwa ni ya utafiti wa kilimo cha eneo, nitakuwa wa kwanza kuitangaza bila malipo.

Wengine wataniambia: huyo kijana mukimtuma nje, hatarudi. Ni kweli, wengi hawarudi, na mimi siwalaumu haraka. Mtu amesoma miaka minne, anarudi anakuta hakuna ofisi, hakuna mshahara, hakuna hata chumba cha kuweka vyungu. Lakini kosa hilo si la burse. Ni la kutuma mtu bila kumwandalia kiti cha kurudia. Nchi yetu si mgeni wa utafiti wa kilimo. Taasisi ambayo leo tunaiita INERA ina mizizi tangu mwaka wa 1933, na Yangambi ilikuwa jina kubwa katika kilimo cha nchi za joto. Vituo vipo, hata huku mashariki. Kinachokosekana ni watu wapya ndani yake, na pesa ya kuwaweka.

Kwa hiyo mimi ninaunga mkono burse hizi, ila kwa masharti matatu.

La kwanza, swali litoke kwetu. Kijana wa Kongo akienda kusoma miaka minne juu ya raigrasi ya Australia, atarudi bingwa wa jani lisilotusumbua. Vipo vyuo, hasa vya Ulaya, vinavyokubali mpango wa kugawanya muda: miezi kadhaa maabarani kule, miezi mingine shambani nyumbani. Huo ndio mpango tunaoutaka. Mahindi yawe ya hapa, mihogo iwe ya hapa, na magugu yawe yaleyale yanayomkosesha mama usingizi.

La pili, kiti kiwe tayari. Chuo kikuu cha hapa au kituo cha utafiti kiandike mapema kwamba mtu huyu akirudi ana kazi, na mfadhili aweke pesa ya miaka ya kwanza ya kurudi. Anayelipa tiketi ya kwenda tu amesaidia nchi nyingine.

La tatu, wakimbizi wa ndani wasifungiwe mlango. Simu ya nne siku ile ilikuwa ya kijana mwenye masomo ya agronomia. Sasa anauza unite za simu kando ya barabara. Alisikia tangazo akasimama. Kisha akauliza kama anaweza kuomba bila karatasi, kwa sababu diploma yake ya serikali na karatasi za chuo zilibaki kwenye nyumba ambayo hajui kama bado ina bati. Nilinyamaza hewani, na mkuu wangu alinigombeza kwa ajili ya ukimya huo. Vyuo vina madaftari ya wanafunzi wao. Wizara ina orodha za waliofaulu mtihani wa serikali. Kumpatia mtu aliyekimbia vita nakala ya karatasi yake, bila kumzungusha na bila kumdai asichonacho, ni burse ambayo serikali inaweza kuitoa kesho asubuhi bila kuomba mzungu yeyote.

Na ninyi vijana munaosikiliza, nawaambia ukweli ili musipoteze muda. Doktora haiombwi na mtu mwenye diploma ya serikali peke yake. Mara nyingi wanataka masta, yenye alama nzuri. Australia na Uingereza wanadai Kiingereza chenye cheti. Ubelgiji na Ufaransa wanaweza kukuchukua na Kifaransa chako. Kuna burse pia za kusomea hapa Afrika, na hizo musizidharau. Karibu kila mahali unahitaji profesa anayekubali kukusimamia, kwa hiyo mwandikie kwanza, kwa adabu, na swali lililo wazi. Na mtu akikupigia simu kusema umeshinda burse ambayo hukuomba, umtumie pesa kwa simu ili afungue dosie, huyo ni mwizi. Kata simu. Nimekwisha kupokea malalamiko ya kutosha ya watu waliouza mbuzi kwa ajili ya dosie ya namna hiyo.

Lakini usingoje barua ya nje ndipo uanze. Ukiona majani yaliyobaki hai baada ya dawa, chukua mbegu zake, ziweke kwenye bahasha ya karatasi, andika jina la kijiji, tarehe, dawa iliyotumika na kipimo. Fanya hivyo misimu miwili na utakuwa na kitu cha kumwonyesha profesa ambacho yeye mwenyewe hana.

Kwa papa aliyesema tuna upungufu wa madaktari wa watu, ninakubaliana naye. Ila nimuulize: mtoto anayeletwa hospitali kwa utapiamlo ameanzia wapi ugonjwa wake? Ameanzia kwenye shamba lililoshindwa. Daktari wa watu anampokea mwishoni. Tunahitaji pia mtu wa kusimama mwanzoni.

Wiki hii nilimpigia tena simu yule mama. Nilimweleza sababu zote zinazoweza kuishinda dawa. Nilimwambia kile ambacho hata bila doktora kinaweza kufanyika: yale majani yaliyobaki hai ayang'oe kwa mkono sasa, kabla hayajaangusha mbegu, maana ndiyo ya hatari kuliko yote. Asiongeze kipimo kwa hasira. Asirudie dawa ileile msimu baada ya msimu. Apande maharagi kati ya mistari ya mahindi, kivuli chake kinayazuia magugu. Na ile chupa asiitilie mafuta wala maji ya kunywa, hata ikioshwa mara kumi.

Alisikiliza yote. Alisema majani yaliyobaki amekwisha kuanza kuyang'oa, yeye na binti yake, asubuhi kabla ya shule. Kisha akauliza: "Na huyo daktari wa majani, atafika lini?"

Nikamwambia kwamba hata kijana akipata burse mwaka huu, itachukua miaka mitatu au minne.

"Minne," akasema. "Mimi kodi ya shamba inaisha mwezi wa saba."

Sikuwa na jibu mara ya pili. Lakini mwezi wa saba wa mwaka huu utapita, na wa mwaka kesho utapita, na wa mwaka ule mwingine. Tusipoanza leo kumtafuta mtu huyo, miaka minne ijayo mama mwingine atapiga simu studio na swali lilelile, na mwanahabari mwingine atanyamaza hewani kama mimi.